Vane ya Mstari wa Sita

Nimechoka na watu wanaosema "vane zimefunguka" bila kujua vane ni kitu gani. Padri anasema hivyo akihubiri gharika. Mtangazaji wa redio anasema hivyo watu wakijaa barabarani. Binti yangu, ambaye hajawahi kuinua kitu kizito kuliko simu, alisema hivyo juzi kuhusu machozi ya rafiki yake aliyeachwa na mchumba. Nikamwuliza: wewe umewahi kuona vane? Akacheka. Nikakasirika, na kwa hasira hiyo hiyo nikakaa kuandika.

Vane ni chuma. Inakaa chini ya ardhi, ndani ya shimo la matofali lililofunikwa kwa kifuniko kizito, na kazi yake ni kama ya mlango: ndani ya bomba kuna kibao cha chuma kinachoshuka kuzuia maji na kupanda kuyaachia. Haina mpini. Huzungushwa kwa ufunguo mrefu kama jembe, wenye mkono wa kulia na wa kushoto, na mwenye ufunguo huo ndiye anayeamua nani aoge na nani asubiri. Katika kambi yetu, kambi ya wafanyakazi wa Kampani pale Lubumbashi, mwenye ufunguo alikuwa baba yangu.

Ilikuwa miaka ile ya Chama kimoja. Nchi ilikuwa imeshaitwa Zaire, sisi tulikuwa tumeshavuliwa majina yetu ya ubatizo, na wanaume wenye cheo walikuwa wameacha tai na kuvaa abakosi, lile koti lisilo na ukosi, hata jua la mwezi wa kumi linapochoma. Hapakuwa tena na bwana wala bibi. Wote tulikuwa sitwayen, wananchi, ingawa wananchi wengine walikuwa na gari na dereva, na wengine walikuwa na robine moja, mfereji wa kuchotea maji, kwa nyumba kumi na moja.

Robine yetu ilikuwa mwisho wa mstari wa sita. Kambi ilijengwa kwa mistari, nyumba zimetazamana mlango kwa mlango, na ukipiga chafya nyumba ya kwanza unaitikiwa nyumba ya kumi na moja. Sisi tulikuwa Wakatoliki kutoka kaskazini ya Katanga. Babu yangu alikuja kulaza reli. Jirani zetu wa ukuta walikuwa Waislamu wa Maniema. Mzee wa nyumba ile alikuwa seremala katika karakana ya Kampani, na mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Bibi, alipika vitumbua kila asubuhi na kumpa kimoja kila mtoto aliyempita akienda shule. Ukipita bila kumsalimia hupati. Nadhani nilijifunza adabu kwa ajili ya vitumbua, wala sioni haya.

Baba hakuwa msemaji. Angeweza kula bukari yake yote, ule ugali wetu, na samaki, na kunawa mikono, bila kutoa neno ila "asante". Lakini ukimwuliza juu ya vane alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na sheria tatu, alizofundishwa na mzee aliyempokea kazini, na alitufundisha sisi watoto kana kwamba tungezirithi. Ya kwanza: usifunge haraka. Maji yanayokimbia ukiyafungia ghafla hupiga, na bomba zima hugonga ukutani mpaka lipasuke. Ya pili: hesabu mizunguko. Kila vane ina idadi yake, na yeye aliiandika kwa chaki ndani ya kifuniko. Yetu ilikuwa ishirini na mbili. Ya tatu ndiyo iliyotuondoa kambini. Kila Jumatatu, vane zote zizungushwe, hata zile zisizo na kazi. Unafungua mpaka mwisho, unaacha maji yasafishe bomba, unafunga, unafungua tena. Vane isiyozungushwa hushika kutu pale pale ilipo, na siku utakapoihitaji haitasogea.

Nyumbani neno hilo lilikuwa na kazi nyingine. Baba akitaka tunyamaze alisema "funga vane". Alilisema zaidi pale mama alipoanza kuzungumza habari za Chama, kwa sababu mama alizungumza habari za Chama kwa sauti ile ile aliyouzia nyanya. Ukuta ulikuwa mwembamba, na vijana wa Chama, wenye mashati yao ya kijani, walipenda kupitapita mstarini jioni wakijifanya wanatafuta mtu. "Mama ya batoto, funga vane," baba alinong'ona. Na mama alijibu, bila kunong'ona, "Yangu ilishakufa kitambo. Hapana spea yake mu Zaire nzima."

Baba alicheka kwa mabega tu. Yake ilikuwa imefungwa mizunguko yote ishirini na mbili, na sijui ilianza lini. Labda aliona mambo kabla sijazaliwa. Alikuwa na umri wa kuona mengi. Aliponiambia mimi "funga vane" nilifunga, lakini moyoni nilimhesabia uoga. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, umri ambao mtu anajua kila kitu.

Sasa nieleze juu ya ngoma. Mkubwa yeyote wa Chama akija kutoka Kinshasa, akina mama wa kambi walitakiwa kuvaa kitenge chenye picha ya Rais, kujipanga kando ya barabara tangu alfajiri, na kucheza na kuimba sifa mpaka gari zipite. Wakati mwingine gari zilipita saa nane mchana. Wakati mwingine hazikupita. Mkuu wa Chama wa kambi yetu, mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa, alihesabu mistari kwa kidole, na mstari uliopungua aliuandika. Mstari wa sita ulikuwa fahari yake. Mama yangu ndiye aliyekuwa na filimbi. Akipuliza, mstari mzima uligeuka kiuno kimoja. Alichukia maneno ya zile nyimbo na alipenda kucheza, na hakuona sababu ya kuchagua.

Mwaka huo, mwezi wa kumi, mvua bado, kijito cha chini ya kambi kikiwa kimebaki matope, tukaambiwa mkubwa anakuja Ijumaa. Na Alhamisi kabla ya jua kuchomoza, Bibi akafa.

Waislamu wanazika haraka. Alizikwa siku ile ile. Lakini kwetu Lubumbashi, awe nani, kilio ni kilio. Wanawake wa mstari mzima walihamia kwa seremala, wakatandika mikeka, wakakaa chini. Wanaosali kwa rozari walikaa na wanaosali kwa tasbihi. Wengine wanakaa, wengine wanapika nyuma ya nyumba, wengine wanateka maji, na hakuna anayeinuka kwenda kwenye furaha mpaka siku ya tatu iishe. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Haijapata kuvunjwa, ndiyo maana haikuandikwa.

Alhamisi jioni kijana wa Chama alikuja kukumbusha habari ya kesho. Alisimama mlangoni, maana hata yeye alijua kwamba mkekani hakanyagi. Mama alimjibu akiwa ameketi, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kilio kichwani.

"Muntu hatokaka mu kilio na kuenda kucheza. Umwambie vile."

"Mama, anakuya mukubwa."

"Kifo njo mukubwa. Umwambie na ile pia."

Mkubwa akaja, mkubwa akapita. Mistari mingine ilicheza. Mahali pa mstari wa sita palikuwa na barabara tupu.

Jumamosi asubuhi mkuu wa Chama akaja kwenye robine yetu na vijana wanne, na shefu wa kambi, msimamizi wa Kampani, nyuma yao akitazama mawingu yasiyokuwapo. Baba aliitwa. Alikuja na ufunguo begani, kwa sababu alidhani bomba limepasuka.

"Bamama ba mustari ya sita beko na kiburi," alisema mkuu, kwa sauti ya kufika nyumba ya kumi na moja. "Kama habana jasho ya kuchezea Chama, habana lazima ya mayi. Sitwayen, funga."

"Mpaka siku gani?" baba aliuliza.

"Mpaka nitasema."

Sote tulitoka milangoni. Wanawake wa kilio hawakuvuka ukingo wa mkeka ila kwa macho. Nilimtazama baba nikimwomba kimoyomoyo atupe ule ufunguo chini. Alipiga magoti, akafunua kifuniko, akaingiza ufunguo, akaanza kuzungusha. Polepole, kwa sheria yake ya kwanza. Nilihesabu. Kwenye mzunguko wa kumi na tano robine iliyokuwa ikijaza ndoo ya mtu ilianza kunyong'onyea, kwenye wa ishirini ikabaki uzi, kwenye wa ishirini na mbili ikanyamaza. Akafunika, akafuta magoti, akaenda zake bila kumtazama mtu. Nilitaka ardhi inimeze kwa aibu.

Mchana ule mama hakumwandalia maji ya kuoga. Aliweka sahani ya chakula mbele yake na bakuli tupu la kunawia kando.

"Ya kunawa, ombe mu mufuko ya abakosi ya ule muntu."

"Funga vane," baba alisema.

"Unafunga mayi ya kilio na unanifunga na mi?"

Baba akasema maneno mengi kuliko kawaida yake. "Nyumba hii tunalala ndani iko ya nani, mama ya batoto? Iko ya Kampani. Batoto beko saba. Nikikatala leo, kesho tutalala wapi?"

Mama aliliondoa lile bakuli tupu. Hapo nilielewa kitu kilichokuwa mezani: upande huu maji ya nyumba kumi na moja zenye msiba, upande ule paa letu. Nilielewa, lakini sikumsamehe. Jioni nilipita mbele yake bila kumwamkia. Katika nyumba yetu hilo lilikuwa tusi, na hakuniadhibu kwa hilo, ikaniuma zaidi.

Wanawake wa mstari wa tano na wa saba walitutilia ndoo moja moja, kwa kujificha, wakizifunika kwa vitenge kana kwamba wamebeba watoto. Vijana wa Chama wakagundua, wakasimama kwenye robine zao pia. Jumapili, siku ya tatu, wageni wa kisomo wangekuja kutoka mitaa ya Katuba na Ruashi, na katika nyumba ya kilio palikuwa na sufuria tatu za maji, ambazo wanawake walikubaliana ni za kupikia tu.

Jumapili adhuhuri nilikuwa kizingitini nikichambua mchele. Baba alikuwa kwenye kiti chake ndani, mlango wazi. Seremala alitoka kwake kuswali. Alikwenda mpaka robine, nadhani kwa mazoea ya miguu, akafungua, haikutoa kitu, akaifunga tena kwa adabu. Halafu akachutama pale pale, akapiga viganja vyake juu ya ule udongo wetu mwekundu, akajipangusa uso, akajipangusa mikono. Dini yao inaruhusu udongo palipokosekana maji. Mtu aliyezika mama yake Alhamisi alikuwa akijipaka vumbi hatua tano kutoka kwenye bomba lililojaa.

Alipoinuka alimwona baba. Uso wake ulikuwa na mistari myekundu. Hakukasirika. Alisema, "Jirani, usijisumbue. Mungu anajua mayi iko wapi." Akaenda kuswali.

Baba alibaki pale kitini mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Kisha akaniita, mimi niliyekuwa simwamkii.

"Kesho ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Eh," akasema. Akaenda kupaka ufunguo wake mafuta.

Jumatatu king'ora cha Kampani kilipolia saa moja, baba alianza na vane ya mstari wa kwanza kama kila Jumatatu. Alizungusha, akaacha, akarudisha. Wa pili, wa tatu. Saa tatu hivi, mimi nikiwa shule, haya nilisimuliwa, akafika wa sita. Akafunua kifuniko, akafuta chaki ya zamani, akaandika upya ishirini na mbili, akafungua. Polepole. Mizunguko yote. Robine ilikohoa, ikatema kutu kama damu, kisha ikaanza kunguruma. Mama alikuwa wa kwanza. Aliweka ndoo tu.

Kijana wa Chama akaja mbio. "Baba, unafanya nini? Balisema ifungwe!"

"Leo ni siku gani?" baba alimwuliza.

"Jumatatu."

"Basi. Jumatatu ninazungushaka bavane. Vane yenye haizungushwe inakufa. Ikikufa, we njo utaitengeneza?"

"Na utaifunga saa ngapi?"

"Wakati mayi itatoka safi. Njo sheria ya kazi."

Akatoa bilauri mfukoni, bilauri yetu ya nyumbani, ile ya wageni, akaijaza kwenye robine, akaiinua juani. Palikuwa na wekundu kweli. "Bado," alisema, akaimwaga, akaketi juu ya tofali.

Asubuhi ile yote, kila baada ya muda, alijaza bilauri, akaiinua juani, akasema "bado". Wekundu ulikwisha mapema. Kufikia saa nne maji yalikuwa meupe. "Bado." Ndoo zilijaa, mapipa yakajaa, masufuria ya kilio, mabeseni ya kuogeshea watoto, mitungi ya watu wa mstari wa tano na wa saba waliokuja kusaidia "kusafisha bomba". Wanawake wakaanza kuitikia. Baba anainua bilauri, mstari mzima unangoja, anasema "bado", nao wanasema "baaado!" Kijana wa Chama alikwenda na kurudi mara tatu, na mara ya tatu na yeye alicheka, maskini, akajificha mdomo kwa mkono.

Nilirudi kutoka shule saa sita nikakuta kambi ina matope kama mwezi wa kwanza. Nilisimama mbali. Baba aliniona, akaniita kwa kichwa, akajaza bilauri, akanipa mimi.

"Angalia muzuri. Iko safi?"

Niliinua juani kama alivyofanya. Niliona kupitia ile bilauri robine, na mlango wa seremala, na seremala mwenyewe amesimama na ndevu zake zinadondosha maji, ametoka kutawadha. Sijapata kuona maji safi kama yale hata leo. Nilimtazama baba. Hakuwa akitabasamu. Aliniuliza kweli, kama mtu mzima anavyomwuliza mtu mzima, na nilijua kwamba jibu langu pia litakuwa na bei ya nyumba.

"Bado, baba," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akapokea bilauri. Nikamwamkia pale pale, salamu ya Jumamosi na ya Jumapili na ya Jumatatu pamoja.

Mkuu wa Chama alikuja mwenyewe saa tisa, kwa gari, abakosi rangi ya maziwa. Alishuka akakuta matope, akachagua pa kukanyaga. Wanawake hawakuondoka. Shefu wa kambi hakuja; alisemekana anaumwa tumbo.

"Sitwayen, nani alikupa ruhusa?"

"Jumatatu," baba alisema.

"Nilisema mpaka nitasema!"

"Ndiyo. Na mi nasafisha tu. Nitafunga wakati mayi itakuwa safi."

Mkuu alimnyang'anya bilauri, akaikinga mwenyewe, akaiinua. Aliwaonyesha watu wote, akizunguka nayo. "Muone! Muone bote! Iko safi! Iko safi kabisa!"

"Kama iko safi," baba alisema taratibu, "unywe, sitwayen."

Kila mtu kambini alijua kwamba mkuu wa Chama hanywi maji ya robine zetu. Nyumbani kwake yalichemshwa na kuchujwa, na mfanyakazi wake alitusimulia. Aliitazama bilauri. Aliwatazama wanawake. Robine ilikuwa inanguruma. Hata leo nadhani kwamba kama angekunywa tungekwisha, angeamuru na baba angefunga, maana baba alikuwa mtu wa sheria. Lakini mkono wake haukupanda. Ulishuka, na maji yakamwagika juu ya kiatu.

"Bado," alisema mama yangu.

Sijui kama nimewahi kusikia kicheko cha namna ile tena. Kilianza kwenye mkeka wa kilio, uliokuwa haujakunjwa kwa kukosa maji ya kuufulia, wamama wazima wenye vitambaa vya msiba kichwani, kikaenda mpaka mstari wa kwanza. Seremala alicheka huku machozi yanamtoka. Mkuu wa Chama alipaza sauti kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Na katikati ya kelele zile baba alisimama, akaongea. Wakanyamaza kumsikiliza, kwa sababu hawakuwa wameizoea sauti yake.

"Vane haikuwekwa juu ya kuazibu bantu," alisema. "Iliwekwa juu ya kutengeneza bomba. Mi niko na ufunguo hii tangu batoto yangu habayazaliwa, na niliifunga vibaya siku moja tu, siku ya posho. Jumamosi. Ninaomba bamama banisamehe. Ninaomba jirani yangu anisamehe. Haitarudia."

"Lete ufunguo," mkuu alisema.

Baba aliuchomoa shimoni, akaufuta kwa shati lake, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni kitu. Nilikasirika tena, nilidhani ameshindwa. Mkuu akabaki ameushika ule ufunguo mzito, robine inanguruma mbele yake. Kufunga kulitaka kupiga magoti kwenye matope, mbele ya mstari wa sita, mizunguko ishirini na mbili. Aliwatazama vijana wake. Wakatazama viatu vyao. Basi akautia ufunguo ndani ya gari, mlango ukabamizwa, akaondoka. Vane ikabaki wazi.

Barua ya kumwachisha baba kazi ilifika kabla ya wiki kuisha. Tulitoka kambini na vitanda, kuku wawili na bilauri ya wageni. Seremala alitutengenezea milango ya nyumba yetu mpya ya matofali mabichi kule Katuba, na alipoulizwa na vijana wa Chama alisema anapima mbao zake tu. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Siwezi kuupamba. Ndugu zangu wawili waliacha shule, na kuna siku tulikula mara moja tu. Nilisikia mama akilia uani, yule aliyesema vane yake imekufa, na wala si kwa majuto. Alilia kwa uchovu, na alipomaliza aliosha uso akaenda kuuza mboga.

Kule Katuba hatukuwa na robine. Baba alichimba kisima uani, kisha jirani wakamwita achimbe chao, na hiyo ikawa kazi yake mpaka uzee. Aliipenda. "Kisima haina vane," alikuwa akisema. "Haina mukubwa."

Mwaka uliofuata mistari miwili ya kambi ilikataa ngoma, na mstari wa sita ulikuwa mmojawapo. Mkuu wa Chama alituma watu na ule ufunguo. Seremala alikuja Katuba kwa miguu kutusimulia, hakuweza kungoja basi. Walifunua kifuniko, wakaingiza ufunguo, wakazungusha. Haikusogea. Wakawa wawili mkono huu na wawili mkono ule. Haikusogea. Tangu Jumatatu ile hakuna aliyeizungusha, na ilikuwa imeshika kutu pale pale ilipoachwa, wazi mpaka mwisho. Walipozidi kulazimisha, ufunguo ukapinda.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alimwomba asimulie tena pale pa kupinda. Kisha akaanza kuongea yeye, na hakuacha. Alizungumza habari za mkuu wa Chama na abakosi yake, habari za Kinshasa, habari za nyimbo zile na majina yetu yaliyochukuliwa, mambo ambayo nadhani aliyaweka tumboni miaka kumi, kwa sauti ya kuuzia nyanya, dirisha likiwa wazi. Mama alikuwa mlangoni. Akaona mashati ya kijani mawili yanakuja barabarani, yanapunguza mwendo. Aligeuka, uso umembadilika, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia ananong'ona.

"Baba ya batoto. Funga vane kidogo."

Baba alikuwa na bilauri ya maji mkononi. Akaiinua mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa makini, juu na chini, kama siku ile.

"Bado," akasema, akaendelea.